Kirangozi Hachaguliwi kwa Ngoma

Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia, vijana wa nyumbani kwetu Tabora hutuuliza ni maneno ya mgombea yupi yaliyopata kutugusa kuliko yote. Jibu letu halibadiliki. Ni usiku mmoja wa kampeni za mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa Rais tangu kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi, tulipowaona wagombea wanne katika mdahalo wa televisheni. Tunaukumbuka usiku ule kwa sababu tulijifunza jambo kuhusu nafsi zetu, na jambo lenyewe hatukulipenda.

Tulikuwa Dar es Salaam kwa shughuli ya kifamilia, ilhali tulikuwa tumejiandikisha kupiga kura Tabora. Televisheni ilikuwa ngeni Bara. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini huku ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo chumba kimoja cha Magomeni kilijaa mtaa mzima: kina mama juu ya mkeka, wazee vitini, watoto wamebanana mlangoni. Kwenye kioo walikuwapo Benjamin Mkapa wa CCM, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, John Cheyo wa UDP na Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF.

Watatu tuliwasikiliza. Ilipofika zamu ya Profesa Lipumba, masikio yalifunga na moyo ukafunguka. Huyu alikuwa mtoto wa Ilolangulu, Tabora, Muislamu, msomi aliyepata shahada ya uzamivu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na aliyewahi kuwa mshauri wa uchumi wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Sisi tuliokua tukisikia wazee wakilalamika kwamba Waislamu wameachwa nyuma katika elimu, kumwona mmoja wetu akizungumzia uchumi wa nchi bila kubabaika kulitutia machozi. Mjomba aliyeketi kando yetu akasema, "Basi, yamekwisha. Huyu ndiye wetu." Nasi tukaitikia.

Jirani mmoja, mtu wa swala tano, akanong'ona kwamba yeye hatampigia, maana watu watasema Waislamu ni wadini. Tukamlaumu kwa woga wake. Hatukutambua kwamba sisi na yeye tulikuwa na ugonjwa mmoja.

Tuliutambua ndani ya garimoshi. Reli ya Kati, kwa sehemu kubwa, inaifuata njia ya kale ya misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Katika behewa letu alikuwamo mkulima wa tumbaku kutoka Urambo. Aliposikia kwamba tumewaona wagombea kwa macho, akafurahi, akasogea karibu na kuuliza, "Wamesema nini juu ya bei ya tumbaku?"

Hatukuwa na jibu. Tukajikuna kichwa, tukatafuta, tukakumbuka sauti, tukakumbuka makofi ya chumbani, tukakumbuka hata suti. Lakini wamesema nini juu ya tumbaku, maji ya visima, au ada ya shule, hatukuweza kumwambia. Huenda walisema. Sisi tulikuwa tunajitazama wenyewe katika kioo kile. Mzee yule hakutucheka. Alisema tu, "Haya, ahsante," akageukia dirisha, nasi tukaona aibu kuliko kama angetucheka.

Wazee wetu Wanyamwezi, waliobeba pembe na vitambaa katika njia ile ile, walijua namna ya kumpima kiongozi. Msafara ulikuwa na kirangozi, mtu wa kutangulia mbele, na mara nyingi wapagazi wenyewe ndio waliomchagua kutoka miongoni mwao. Alipambwa, akashika bendera, ngoma ikapigwa nyuma yake. Lakini mpagazi mwenye mzigo begani hakuweza kunywa ngoma. Alitaka kujua kama mtu huyu anavijua visima vya Ugogo, na kama ataweza kuzungumza na watemi wanaodai hongo. Akikosea, wote hufa kiu, ndugu zake na wasio ndugu zake.

Tabora imewahi pia kuona mtihani mkubwa wa kusikiliza. Januari 1958, TANU ilikutana mjini kwetu kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, uliomlazimisha mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Muasia mmoja, tena kwa masharti ya kipato na elimu ambayo Waafrika wengi hawakuyatimiza. Wajumbe wengi walifika wakiwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Julius Nyerere akawaeleza kwa nini kususia kungewapa wapinzani wao viti vya Baraza bila jasho. Wakapima, wakabadili msimamo. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake. Wa upande huu na wa upande ule, kila mmoja aliweza kuitaja hoja yake.

Dini yetu inatufundisha hivyo hivyo. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wanaostahiki. Na katika aya ya 135 tumeamrishwa kusimamia uadilifu katika ushahidi, hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa. Kura ni amana na ni ushahidi. Anayempa mgombea kwa sababu tu ni wa kwao, ushahidi wake una dosari. Anayemnyima kwa kuogopa atasemwa, huku moyoni anajua anafaa, wake pia una dosari. Mjomba, jirani na sisi tulikuwa katika safu moja.

Oktoba 29, 1995 tulipanga foleni Tabora alfajiri. Matokeo yalipotangazwa, Mkapa alipata asilimia 61.8, Mrema karibu 28, Lipumba zaidi kidogo ya 6 na Cheyo karibu 4. Wengi wa chumba kile cha Magomeni walikuwa wameapa kwamba Profesa ndiye aliyeng'ara katika mdahalo. Lakini nchi haikuwa chumba kile. Wapiga kura wengi hawakuwa na kioo cha kutazama.

Leo kioo kiko mkononi mwa kila kijana, na ngoma hailali. Kwa hiyo nyumbani kwetu tumeweka desturi moja. Hotuba ikimalizika, tunazima, na kabla ya yeyote kusema amempenda nani, kila mmoja, kuanzia mtoto mdogo hadi bibi, anataja jambo moja ambalo mgombea ameahidi, na namna alivyosema atalitekeleza. Asiyeweza kutaja anaambiwa kwa upole kwamba hakusikiliza. Mara nyingi anayeshindwa ni baba mwenye nyumba.

Nani tulimpigia mwaka ule? Hiyo ni siri yetu na Mola wetu. Tunachoweza kusema ni kwamba katika siku zilizobaki tuliwasikiliza upya wote wanne, katika mikutano na redioni. Karatasi ilipoingia sandukuni, tulikuwa na sababu ambazo tungeweza kumweleza yule mkulima wa Urambo bila kuinamisha macho.