Tochi ya Simu Yamuumbua Fundi wa Masasi

Wiki hii naomba tuwaache kidogo wachumba na michango ya harusi, maana nina kisa kilichonikondesha vikilo vyangu vichache nilivyonavyo. Kilianzia hapa hapa Newala, dukani kwa mjomba.

Kama hujui, mjomba ana steshenari karibu na stendi. Kuna mashine ya fotokopi, printa moja yenye kikohozi, na laptopu ya mtumba ambayo ndiyo mama mwenye nyumba. Laptopu hiyo haitumii Windows, inatumia Linux, na aliyeiweka ni mimi binti wa form four ninayeandika safu hii. Sikuiweka kwa majivuno. Wateja walikuwa wanaleta flashi zenye virusi utadhani kipindupindu, na kila wiki mashine inalazwa wodini. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na kijana Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Uzuri wake haina siri: programu zake ziko wazi, anayetaka azisome, azirekebishe na kuzigawa, na hela hulipi. Wala usidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili kama mimi na wewe.

Haya. Mwezi wa kumi mwaka jana, korosho zimeshaanza kuingia maghalani, katibu wa chama cha msingi alituletea madaftari mawili makubwa. Tuandike orodha ya wakulima: jina, kilo, namba ya akaunti ya benki. Ukiishi huku unajua uzito wake. Mkulima anapeleka korosho chamani, zinakwenda ghalani, zinauzwa mnadani, halafu hela inaingia benki. Namba moja ikikosewa, mtu anabaki kila siku kushinda dirishani benki huku mtoto amerudishwa shule kwa ajili ya mchango. Nilikuwa nimeshaingiza majina 340, yamebaki kama thelathini hivi. Katibu alisema keshokutwa asubuhi anakuja kuchukua.

Usiku ule mashine ikaniletea ujumbe kwamba kuna masasisho. Bando langu lilikuwa linaisha saa sita usiku, nikaona lisiende bure. Nikabonyeza. Tamaa ya megabaiti, mwenzangu!

Asubuhi nawasha, alama ya kampuni ikatokea vizuri, halafu giza. Giza la mpingo hasa, lile linalochongwa likatoka kinyago.

“Umefanya nini, mpwa wangu?” mjomba akauliza kwa sauti ya chini. Bora angefoka. Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kuchezea, na huyu ndiye aliyenilipia ada miaka yote minne. Nakala ya orodha? Ilikuwepo kwenye flashi, lakini ya juzi yake, majina mia moja tu.

Nikamchukua binamu yangu, kijana wa darasa la saba, tukapanda Hiace kuteremka Masasi. Vumbi lilitupamba mpaka nyusi. Pale Masasi, kwenye kibanda kimoja ambacho sikitaji, fundi akaipokea laptopu mikononi mwangu halafu akaanza kumweleza binamu! Mimi nimesimama kama mwavuli. “Kioo kimekufa, dogo. Laki mbili na nusu. Na hii Linux yenu naitoa, naipiga fomati, nawawekea Windows.” Kupiga fomati maana yake kufuta kila kitu. Wakulima 340 wangeondoka na maji.

Nikasema asante, tunakwenda kufikiri. Tukaketi kwa mama ntilie, chai na mihogo, chini ya turubai lenye giza. Pale kwenye chai ndipo akili ikarudi. Kama kioo kimekufa, ile alama ya kampuni asubuhi niliionaje? Nikaiwasha tena. Alama hiyo, inang’aa. Kisha giza. Nikabonyeza Caps Lock, kitaa chake kikawaka, kikazima. Kumbe mashine iko hai, inasikia, ila haionyeshi.

Nikawasha tochi ya simu, nikaimulika kioo kwa upande. Msomaji, nilipiga kelele mpaka mama ntilie akadondosha kijiko. Ndani ya lile giza kulikuwa na kiboksi cha kuandikia neno la siri, kimefifia kama samaki chini ya kisima. Picha ipo!

Hapa nikueleze kidogo. Kioo cha laptopu kama ile hakina mwanga wake chenyewe. Kinachora picha tu, na nyuma yake kuna taa inayoimulika. Picha ikiwepo na taa ikiwa imezimwa, utaona giza. Taa ikiwa imeungua, basi hata alama ya kampuni usingeiona. Yetu ilikuwa inawaka mwanzoni na kuzimika pale tu mfumo unapoanza kuendesha picha wenyewe. Kile kipande cha programu kinachoendesha picha wataalamu wanakiita draiva, yaani ni dereva kweli. Gari zima, dereva ndiye kalewa.

Nikarudi kibandani. Nikamulika tochi mbele ya wateja wake wote. Fundi akasema basi taa ya nyuma imeungua. Nikazima, nikawasha, alama ikang’aa: “Na hii inawaka na nini, kaka?” Akamwita mteja anayefuata.

Sasa dawa. Linux ina kiini kinachoitwa keneli, na draiva nyingi zinakaa humo. Ukisasisha, yetu haitupi ile ya zamani, inabakiza tatu za mwisho, na wakati wa kuwasha unaweza kuleta menyu ukachagua. Nikachagua ya zamani, pale pale juu ya meza ya fundi. Kioo kikawaka pwaa! Orodha ipo, majina 340, hakuna hata moja lililopotea. Nikanakili kwenye flashi mbili na kujitumia kwenye simu. Usiku ule nikamalizia yaliyobaki, na katibu alipokuja asubuhi akaikuta imechapwa na kubanwa pini. Hakujua lolote, na sikumwambia.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mjomba akasema, “Kwa hiyo kila nikiwasha nianze kuchagua chagua? Na macho haya?” Halafu kulikuwa na tatizo jingine: inabaki mitatu tu, masasisho mawili zaidi na ile keneli nzima inafukuzwa nyumbani. Na kusema kweli nilikuwa na hofu. Nilisoma yaliyotokea mwezi wa kumi mwaka 2022, wakati keneli toleo la 5.19.12 lilipofanya vioo vya baadhi ya laptopu zenye draiva ya Intel kumwekamweka weupe. Mhandisi wa Intel mwenyewe, Ville Syrjälä, akapitia kumbukumbu za mashine, akakuta vipimo vya muda wa kuwasha na kuzima umeme wa kioo vimevurugika. Akaonya watu wasilitumie, maana kioo chenyewe kinaweza kudhurika. Toleo la 5.19.13 likatoka haraka kurekebisha. Kwa hiyo si kila giza ni la kuchekea.

Kumtafuta mchawi kuna njia yake. Tuseme una magunia 1,024 ya korosho, moja lina mawe. Hufungui yote. Unapima nusu kwa pamoja. Uzito ukizidi, jiwe limo humo, usipozidi limo kwenye nusu nyingine. Unagawa tena nusu. Mara kumi tu umelishika. Git, programu ya kutunza mabadiliko aliyoitengeneza Torvalds mwaka 2005, ina kazi hiyo hiyo ndani yake. Toleo moja kubwa la keneli huwa na mabadiliko zaidi ya elfu kumi, na kwa kugawa nusu unafika kwa majaribio kumi na manne hivi. Lakini kila jaribio unaipika keneli upya, saa kadhaa, na umeme wetu unaujua. Mimi nikafanya la kimaskini: nikapakua matoleo yaliyokwishapikwa, kwa bando la usiku, nimejifunga kanga mbili kwa baridi ya Newala. Usiku wa nne nikajua ni toleo gani lilikuwa zima na lipi lililofuata limelewa.

Nikaandika ripoti kwa Kiingereza changu cha form four, nikawatumia wanaoitunza draiva. Nilidhani watacheka. Siku ya tatu mtu akajibu kutoka nchi ya mbali, hakuuliza shule wala jinsia, aliuliza jina kamili la laptopu na kilichomo kwenye faili moja linaloorodhesha swichi za mwanga wa kioo. Nikatazama: swichi mbili! Moja imeungana na taa kweli, nyingine ni pambo, kama ile swichi ukutani sebuleni kwetu ambayo tangu nizaliwe haijawahi kuwasha kitu. Keneli mpya ilikuwa inazungusha ile ya pambo. Akaniambia niongeze kwenye mstari wa kuwashia maneno haya: acpi_backlight=native. Nikaongeza. Mwanga ukaja, na keneli mpya ile ile.

Baadaye akaandika tena kwamba keneli ina orodha ya laptopu zinazohitaji kushikwa mkono kuhusu taa, na kwamba ya kwetu ameiingiza. Masasisho yalipofika niliyafuta yale maneno yangu, nikawasha huku nimefumba jicho moja. Ikawaka yenyewe.

Nikamweleza mjomba kwamba sasa laptopu ya aina yake imeandikwa ndani ya Linux, dunia nzima. Akanyamaza kidogo. Kesho yake nikamsikia anamwambia mteja wa fotokopi, kwa sauti ya kusikika mpaka stendi, kwamba kompyuta hii unayoiona inajulikana mpaka Ulaya. Bei ya kuchapa ukurasa akapandisha shilingi hamsini.

Wiki ijayo tukijaliwa, narudi kwa wale wachumba.