Kabla ya Kifaru, Pimeni Nyasi

Huku West Nile tuna mji uitwao Rhino Camp, yaani kambi ya kifaru. Kifaru wa asili wa hapa hayupo tena. Majangili waliwamaliza vifaru weupe wa kaskazini kufikia miaka ya 1980. Duniani wamebaki majike wawili tu, huko Ol Pejeta, Kenya.

Wapo waliotaka hifadhi yetu ya Ajai ipewe vifaru weupe wa kusini, nao walisema utafiti ni kuchelewesha mambo: uzio ujengwe, wanyama waletwe, watalii watafuata. Sikubali. Kifaru mweupe hali miti, hula nyasi. Je, Januari, moto ukishapita, Ajai hubakiwa na nyasi kiasi gani? Na ng'ombe wa majirani hulishwa wapi wakati huo? Asiyejua hayo ataishia kumfukuza mfugaji.

Kupima nyasi hakuhitaji helikopta. Kunahitaji kamba, vigingi, mizani, daftari, na mwaka mzima wa kurudi palepale. Wanafunzi tupo, Arua na Koboko, na wazee wanaoijua ardhi ile wangali hai. Matokeo yasomwe kwanza pale Ajai, kwa lugha za pale, ndipo yapelekwe Kampala.