Trauti wa Maziwa ya Mlimani Wawe Tasa

Mimi ni mvuvi wa mshipi, na mchezo huu umenilevya. Niweke kando ya Ziwa Ellis, upande wa Chogoria wa Mlima Kenya, na chupa ya chai, wala sitakuuliza saa. Kwa hiyo ninaposema trauti wanaopandwa katika maziwa ya mlimani wawe tasa, sisemi kama adui wa ndoano.

Trauti ni mgeni kwetu. Mwaka 1905 waliletwa kutoka Scotland wakatiwa katika Mto Gura, Aberdare, ili walowezi wapate burudani ya kwao. Mitoni wamezaliana, hawatoki tena, na nikiri sitaki watoke. Ziwa la juu ni habari nyingine. Kule Sierra Nevada, California, mengi ya maziwa ya juu hayakuwa na samaki hata mmoja hadi watu walipowapandisha kwa nyumbu, baadaye kwa ndege. Trauti wakala viluwiluwi wa chura wa miguu ya manjano, ambao hukaa majini misimu kadhaa kabla ya kukomaa. Kisha ukaja ugonjwa wa ukungu. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ikamtangaza chura huyo kuwa hatarini kutoweka. Watafiti walipowaondoa trauti kwa nyavu katika baadhi ya maziwa, vyura waliongezeka tena. Lakini hebu ifikirie kazi yenyewe: kutega na kutegua nyavu kwenye baridi ile, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu ya samaki waliomwagwa mara moja.

Njia nyingine ipo. Jimbo la Idaho, Marekani, liliamua mwaka 2001 kwamba popote trauti wa kupandwa anapoweza kuzaana na samaki wa asili, apandwe tasa. Mayai yaliyorutubishwa punde hutiwa katika maji ya uvuguvugu au chini ya shinikizo kubwa, na kifaranga hutoka na seti tatu za kromosomu badala ya mbili, kwa hiyo hazai. Si kila yai hukubali, hivyo lazima vifaranga wapimwe kabla ya kutolewa.

Wenzangu watanung'unika kwamba huyo ni samaki wa kuundwa. Basi wajue kuwa trauti wa upinde wa mvua mwenye rekodi ya dunia, aliyenaswa Ziwa Diefenbaker, Kanada, mwaka 2009 akiwa na karibu kilo 22, alikuwa tasa. (Samaki wa kundi lake walitoroka shamba la samaki, kwa hiyo tusijidai kuwa na udhibiti kamili.)

Gharama ipo: samaki tasa hupandwa upya kila baada ya miaka michache. Tulipe sisi tunaovua, kupitia leseni. Siku tukichoka, au mtafiti akituonyesha tunaharibu, tunaacha tu kupanda, nao waliopo wanakufa wakaisha. Maziwa ambayo bado hayana samaki yasiguswe kabisa. Kiganjo, karibu na Nyeri, tayari kuna kituo cha kutotolesha trauti. Majaribio yaanzie huko, na vifaranga wa kwanza wapelekwe pale ambapo gari linaweza kufika.