Nyama Yako, Mifupa Yangu

Ndugu zetu katika imani, leo tunazungumza na wazazi wa Nzuguni, hapa Dodoma, na wa kila mahali ambapo mtoto huenda shule asubuhi na madrasa jioni.

Ipo kauli tuliyoirithi kwa wazee wetu. Baba humshika mtoto mkono, akamkabidhi kwa maalim na kusema: nyama yako, mifupa yangu. Yaani mchape utakavyo, mradi unirudishie. Hatuna shaka kwamba ilisemwa kwa kuipenda elimu, tena katika kijiji ambacho maalim alikuwa ami au jirani wa miaka mingi. Nzuguni ya leo si kijiji hicho. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wageni wamemiminika kutoka kila mkoa, nyumba zinaota kuzunguka viwanja vya Nanenane na stendi ya mabasi, na majirani wengi hawajuani hata kwa majina. Anayesema "nyama yako" siku hizi, mara nyingi humwambia mtu asiyemfahamu.

Tunajua kauli hiyo inaweza kutufikisha wapi. Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano katika Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki dunia baada ya kupigwa shuleni kwa tuhuma ya kuiba mkoba, na mwalimu akashitakiwa kwa mauaji.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Ni wazazi wangapi kati yetu waliowahi kuomba kukiona kitabu hicho? Na katika madrasa, ambako kanuni hizo hazifiki, hakuna kitabu wala hesabu. Mtoto ni yule yule, mgongo ni ule ule, lakini mwalimu mkuu na maalim hawajawahi kukaa meza moja.

Wapo watakaosema kwamba fimbo ni sehemu ya malezi ya Kiislamu. Tunawaomba waitazame sira. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu utotoni, naye akasimulia kuwa katika muda wote huo hakusikia hata neno la kumkaripia. Huo ndio ualimu tunaodai kuufuata.

Hata hivyo, linalotutia hofu zaidi kuliko fimbo ni ukimya. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionesha kuwa takribani wasichana watatu katika kila kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wavulana ni karibu mmoja katika kila saba. Miongoni mwao, wasichana waliomweleza mtu yeyote ni kama nusu tu, na wavulana ni theluthi. Waliobaki walinyamaza. Mtoto anayechapwa na kila mtu mzima aliye karibu naye atamwamini nani kumweleza jambo zito kama hilo? Na akisema, wazee huitana barazani wakayamaliza kwa kufichiana aibu, kana kwamba sitara ya mkosaji ina uzito kuliko amana ya mtoto. Mambo haya ni ya Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, si ya baraza.

Njia ya kushirikiana ipo tayari. Mpango wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka 2017, uliweka kamati za ulinzi hadi mitaani, na viongozi wa dini wana nafasi ndani yake. Tunaona nafasi hiyo isiachwe tupu, wala asipelekwe mtu wa kusaini mahudhurio tu. Maalim wa kila madrasa ajulikane kwa walimu wa shule wanakosoma watoto wake, ili mtoto aliyeanza kusinzia, kutoroka au kujitenga aulizwe habari zake kabla ya kuitiwa fimbo. Waumini wa kila msikiti wateue mama mmoja na baba mmoja ambao watoto watawafahamu kwa sura na watawaendea bila woga. Namba 116, ambayo mtoto hupiga bila malipo kuomba msaada, iandikwe ukutani penye ubao wa madrasa kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la pili anaweza kuzisoma.

Na maalim wafungue daftari lao. Kila adhabu iandikwe: siku, kosa, jina la aliyeadhibu, na mzazi akija kumchukua mwanawe jioni aonyeshwe bila kuomba.