Kwa gemu bastola haichakai, kiunoni inachakaa

Kama umewahi kucheza PUBG ama Call of Duty, unaijua 1911 hata kama jina lake hulijui. Ni ile bastola nyembamba, nyundo nje kwa nyuma, unayookota mapema kabla hujapata bunduki ya maana. Unaruka nayo mtoni, unalala nayo matopeni, unafyatua mchana kutwa. Haikwami. Haishiki kutu. Hakuna springi inayolegea.

Halafu unaingia YouTube unapata Wamarekani wakionyesha 1911 zao za oda maalum. Chuma kinang'aa, mpini ni wa mbao ghali, na jamaa anaigeuza polepole mbele ya kamera kama anauza pete. Bei? Dola 3,000 kwenda juu, yaani karibu Sh390,000, kabla hujanunua hata risasi moja. Huku kwa comments vijana wetu wamejaa: "Maze hiyo ni chuma!"

Sawa, ni chuma. Lakini hapo unaona siku ya kwanza tu. Mimi ningetaka kuona siku ya elfu moja, baada ya mwenyewe kuivaa kiunoni kila asubuhi, akaendesha gari nayo, akatokwa jasho nayo, akaipeleka uwanja wa shabaha kila mwezi. Maoni yangu ni kwamba nyingi ya hizo za bei ghali hazifiki huko, kwa sababu wenyewe wanaziogopa. Wanaziweka sefu, halafu wanabeba ya plastiki.

Tuanze na inavyotengenezwa, maana matatizo yanatoka hapo hapo. Muundo wa 1911 ni wa John Browning, na jeshi la Marekani liliupitisha mwaka huo huo wa 1911. Ile ya jeshi ilikuwa imelegea kidogo kwa makusudi, ili mchanga ukiingia iendelee kufanya kazi na kipande cha hii kiingie kwa ile. Fundi wa oda anafanya kinyume. Anasugua kipande kwa kipande hadi slaidi na fremu vikae bila hata upenyo wa unywele. Si ajabu kwamba Bill Wilson, mmoja wa majina makubwa ya kazi hii, alianzia nyuma ya duka la vito na saa la familia yake mjini Berryville, Arkansas, mwaka 1977. Mji huo huo mdogo una Nighthawk, ambako fundi mmoja huijenga bastola moja mwanzo hadi mwisho.

Kazi ya saa ni tamu. Unapata bastola inayoweza kupanga risasi zake ndani ya inchi moja ukiwa yadi 25. Shida ni kwamba mtu anayevamiwa usiku akifungua geti hayuko yadi 25. Yuko hatua tatu. Ule usahihi aliolipia hautumii, lakini ile kubana bado anaibeba. Na kitu kilichobana hakipendi uchafu. Kuna mafundi wanaokuambia upige kwanza risasi 500 hivi ili vipande vizoeane, ndipo uiamini. Hesabu hizo risasi ni pesa ngapi, na hapo bado hujajilinda na mtu yeyote.

Sasa ivae. Kitu cha kwanza kuondoka ni rangi, karibu na mdomo wa mtutu na kwenye kona za slaidi, pale ala ya plastiki ngumu inaposugua kila unapochomoa na kurudisha. Hiyo mimi sioni kama ubaya. Bastola iliyochakaa kona inasema mwenyewe anafanya mazoezi. Ubaya ni jasho. Zile za kale za rangi ya bluu-nyeusi zinaweza kuota kutu upande unaogusa mwili ndani ya siku chache kama ni msimu wa joto. Mtu wa Mombasa anajua chumvi inafanya nini kwa chuma hata bila kukigusa. Ndiyo maana wanaobeba kweli huchagua chuma cha pua ama kromu ngumu, hata kama haipendezi kwa picha.

Kuna pia mambo madogo ambayo hakuna video inayoonyesha. Nyuzi za nguo hujaa kwenye nyundo na ndani ya magazini. Skrubu za mpini hulegea. Yale makwaruzo makali ya kuzuia mkono kuteleza, yanayopendeza sana kwa picha, yanakula bitana ya koti na ngozi ya mbavu. Zile alama za kulengea zinazong'aa gizani hutumia gesi ya tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 na kitu. Kwa hivyo hata ukiifungia sefu inazeeka. Na uzito: 1911 ya kawaida ni karibu kilo 1.1 bila risasi, na magazini yake ya asili inabeba saba. Glock 19 ni karibu nusu ya uzito huo na inabeba 15.

Lakini vinavyoamua kama itafanya kazi usiku huo ni springi na kindoano kinachovuta ganda la risasi. Springi ya kurudisha slaidi inachoka, na kwa bastola ya ukubwa kamili wengi huibadilisha kila risasi elfu mbili, tatu hivi. Ukiagiza ile fupi ya kuficha vizuri, springi yake inachoka haraka zaidi, maana inafanya kazi ile ile ikiwa na nafasi ndogo. Kile kindoano nacho, kwenye 1911 ya asili, ni kipande cha chuma cha springi kinachokunjwa kwa mkono hadi kikamate sawasawa. Kikilegea, ganda linakwama mlangoni. Hapo Sh390,000 yako ni nyundo ya kupigia misumari.

Na kuna kitu kinachohusu hata wewe usiye na bastola, uliyekaa kando ya anayo kwenye foleni ya benki. Wateja wa oda wanapenda kifyatulio laini sana. Ili kilainike, fundi anasugua kale kakipande kanakoshika nyundo. Akikosea, ama kikachakaa miaka ikienda bila mtu kukagua, nyundo inaweza kuanguka bila kuvutwa, ama ikapiga mbili badala ya moja. Fundi mzuri anajua pa kuacha. Mteja anayetaka laini zaidi ya jirani yake ndiye simuamini.

Ushahidi wangu mkubwa ni wanamaji wa Marekani. Kuanzia katikati ya miaka ya themanini, kikosi chao cha upelelezi kilitumia 1911 zilizojengwa kwa mkono na mafundi wao wenyewe kule Quantico, juu ya fremu kuukuu za jeshi. Walizipenda kabisa. Walizipiga risasi nyingi kuliko raia yeyote atakavyopiga maishani, na zilidumu, lakini nyuma yake kulikuwa na karakana nzima ya kubadilisha vipande na kuzijenga upya. Mwaka 2012 wakaagiza 1911 mpya kutoka Colt. Kufikia 2016, kikosi chao maalum kilikuwa kimehamia Glock 19, bastola ya plastiki ambayo kipande kikiharibika unatoa kingine kwa boksi, unatia, unaendelea.

Kwa hivyo 1911 ya oda haijashindwa na kazi. Inaiweza, mradi umtunze fundi kama unavyotunza daktari wa meno. Wewe una karakana? Hapa Kenya silaha ni ya leseni, cheti kinafanywa upya kila mwaka, na fundi wa kurekebisha kindoano cha 1911 huwezi kumpata Kirinyaga Road kando ya watu wa breki. Waangalie polisi wetu: Ceska zile, rangi imeisha hadi chuma kiko uchi. Hakuna anayezipiga picha. Lakini vipande vyake vinajulikana na mwenye kuzitengeneza yuko.

Ni kama nganya, tu. Siku ya uzinduzi kila mtu yuko na simu juu. Miezi sita baadaye nusu ya taa zimekufa, lakini kama injini inahudumiwa, unafika Rongai.

Siku ukikutana na mwenye leseni anayejigamba na bastola ya oda, usimuulize ilimgharimu ngapi. Muulize imepiga risasi ngapi, na springi alibadilisha lini. Akisita, sogea kiti kidogo.