REFA, MTAZAME NA MKIMBIAJI PIA!

Kila mwaka jarida la chama chetu hujaa insha za kuonya dhidi ya mihadarati na mashairi ya kuisifu mvua. Mwaka huu nimeomba nafasi nizungumzie jambo ambalo baadhi yenu mtalicheka. Nataka kusema juu ya marefa wa raundasi na softiboli, hasa wanavyoamua pale mkimbiaji anapozibiwa njia. Chekeni, lakini someni hadi tamati, kwa kuwa katika kesi hii mimi mwenyewe nimo kizimbani.

Kwanza niwafafanulie wasioijua michezo hii, maana wavulana wetu wao ni kandanda asubuhi, kandanda jioni. Raundasi wengi wetu tumeicheza tangu shule ya msingi. Mpigaji huupiga mpira kwa gongo, kisha hutimua mbio kuzunguka besi nne kabla mpira haujamwahi. Softiboli ni ndugu yake. Ilianzia Chicago, Marekani, mwaka wa 1887, na usidhani ni ya Wamarekani peke yao. Mwaka wa 2012 vijana wa Lugazi, hapo Uganda kwa jirani, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika fainali za dunia za besiboli ya watoto, kule Williamsport. Kwetu sisi softiboli ililetwa na mwalimu wa mazoezi, aliyekuja na gongo moja na glavu tatu. Muhula wake ulipokwisha alituachia vyote. Besi zetu ni magunia yaliyojazwa mchanga, na mchanga hapa Garissa, kama mjuavyo, si kitu cha kununua.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Nilikuwa kidato cha kwanza. Wasichana wa shule fulani walikuja kwetu kwa mechi ya kirafiki ya softiboli. Tulianza baada ya Alasiri, jua lilipopunguza ukali wake kidogo, uwanja ukiwa umejaa pomoni. Mimi nililinda besi ya pili. Tulifika raundi ya mwisho tukiongoza kwa mkimbio mmoja tu, na wageni walikuwa wamebakisha auti moja mchezo uishe.

Mchezaji wao mmoja, mwembamba kama ufito, aliupiga mpira ukaenda hadi kwenye ua wa mathenge. Loo! Binti alikimbia kama swala. Aliigusa besi ya kwanza akaja kwangu mbio. Mimi nilisimama mbele ya besi, katikati ya njia yake, mikono nimeinyoosha kuungoja mpira ambao bado ulikuwa mbali. Alijaribu kunizunguka, mguu ukateleza, akaanguka chini pu! Kifundo chake kikateguka. Mpira ulipofika mkononi mwangu nilimgusa nao pale pale alipolala.

"Auti!" refa akapaaza sauti. Mchezo ukawa umekwisha. Wenzangu walininyanyua juujuu, vigelegele vikahanikiza. Katikati ya makelele yale nilimsikia yule binti akiniuliza, "Abaayo, mbona umesimama njiani?" Sikumjibu.

Nahodha wao alimwendea refa kwa adabu kulalamika. Refa alijibu mambo mawili. La kwanza, yeye alikuwa anautazama mpira. La pili, mlinzi hakukusudia. Wageni walikusanya vitu vyao wakapanda gari. Chai na mandazi tuliyowaandalia hawakuyagusa. Tangu siku hiyo mechi ile ya kirafiki haijachezwa tena.

Enyi wenzangu, tuyapime majibu hayo mawili. Nianze na hilo la kukusudia. Watu wameniuliza mara nyingi: je, ulikusudia? Walahi, mimi mwenyewe sijui. Nilikuwa naungoja mpira, ni kweli. Lakini pia nilimwona anakuja, na miguu yangu haikutaka kusogea. Ikiwa mimi mwenye moyo sijui kilichokuwamo moyoni mwangu, refa aliyesimama hatua thelathini kutoka hapo angejuaje?

Ndiyo maana waliotunga sheria za softiboli hawakumpa refa kazi ya kusoma mioyo. Sheria inauliza maswali yanayoonekana kwa macho. Je, mlinzi alikuwa na mpira mkononi? Je, alikuwa anaucheza mpira uliopigwa? Je, alimpunguza mkimbiaji mwendo au kumpotosha njia? Kama hakuwa na mpira, wala hakuwa akiucheza ule uliopigwa, na mkimbiaji akatatizika, basi hilo ni kosa la kuziba njia. Nia haimo.

Na refa afanye nini? Hapa ndipo sheria iliponifurahisha nilipoisoma. Refa hapaswi kuusimamisha mchezo papo hapo. Ananyoosha mkono wake wa kushoto upande, ngumi ikiwa imefungwa, na mchezo unaendelea. Mkono ule unatangaza, "Nimeona, nitaamua." Mkimbiaji akifika mwenyewe salama, basi, yamekwisha. Akiguswa na mpira kabla ya kufika, refa anausimamisha mchezo na kumpa besi ambayo, kwa maoni yake, angeifikia lau asingezibiwa. Tena kati ya zile besi mbili alipozibiwa, hawezi kutolewa kwa kuguswa na mpira. Katika raundasi nako, timu inayopiga hupewa nusu raunda mlinzi akimziba mkimbiaji. Kwa hiyo yule binti hakuwa auti. Besi ya pili ilikuwa haki yake. Na kwa jinsi mpira ulivyokuwa mbali, naona hata ya tatu alistahili.

Kuna wanaosema sheria hii ni ya kwenye vitabu tu, kwamba mechi ikiwa kali hakuna refa wa kuthubutu. Ah, wapi! Usiku wa Oktoba 26, 2013, mjini St. Louis, timu za Cardinals na Red Sox zilikuwa katika mechi ya tatu ya fainali ya besiboli ya Marekani. Zilikuwa sare, 4 kwa 4, katika kipindi cha tisa. Mlinzi wa besi ya tatu, Will Middlebrooks, aliruka kuudaka mpira, ukampita, akabaki amelala chini. Mkimbiaji Allen Craig akajikwaa juu yake alipokuwa akielekea nyumbani. Refa Jim Joyce akaonyesha kosa la kuziba njia. Craig alipofika nyumbani alikuwa ameshaguswa na mpira, lakini alipewa mkimbio, na Cardinals wakashinda 5 kwa 4. Middlebrooks hakukusudia, mtu aliyelala kifudifudi atakusudia nini? Hata hivyo njia ilikuwa imezibwa. Maelfu ya mashabiki hawakumtisha refa. Je, sisi na magunia yetu ya mchanga tutashindwa?

Na tusidhani hekima hii ni ya kigeni. Sisi tuliokulia kando ya mto Tana tunajua malka ni nini. Ni ile njia ya mifugo kuteremkia mtoni kunywa maji. Mwenye shamba akipanda migomba katikati ya malka, ngamia na ng'ombe wenye kiu hawatauliza alikuwa na nia gani. Wazee nao hawaanzi na nia; wanaanza kwa kusema njia ifunguliwe. Wanajua malka ikizibwa leo, kesho watu watagombana. Njia kati ya besi na besi ni malka ya mkimbiaji. Unaruhusiwa kusimama hapo ukiwa na mpira. Bila mpira, mpishe.

Jibu la pili la refa lilikuwa kwamba aliutazama mpira. Hapa simlaumu peke yake. Macho yetu sote huufuata mpira, kwa kuwa ndio wenye vishindo. Refa mmoja hawezi kuutazama mpira kwenye ua wa mathenge na papo hapo kutazama miguu kwenye besi ya pili. Ndiyo maana naomba tuwe na marefa wawili: mmoja wa mpira, mwingine wa wakimbiaji. Hatuhitaji pesa kwa hilo. Kidato cha tatu na cha nne tuko wengi, na sheria tunaweza kujifunza.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema wakimbiaji watajiangusha makusudi ili wapewe besi za bure kama peremende. Nakubali hatari hiyo ipo. Lakini refa hatoi besi kwa sababu mtu ameanguka. Anatoa kwa sababu njia ilizibwa na mtu asiye na mpira. Tena sheria haimpendelei mkimbiaji kama mtoto wa mwisho. Mlinzi anayeucheza mpira uliopigwa lazima apishwe, na mkimbiaji akimtatiza, mkimbiaji ndiye auti. Akimgonga kwa nguvu mlinzi mwenye mpira mkononi, ni auti vilevile. Ni msumeno unaokata mbele na nyuma.

Wengine watasema, "Huu ni mchezo wa wasichana tu, mbona unatoa povu?" Wandugu, kwa sababu ni wa wasichana ndiyo nasema. Baadhi ya wazazi wetu walituruhusu kucheza shingo upande. Mzazi akimwona bintiye amerudi anachechemea, na tena akaambiwa kosa ni lake, mara ya pili hatampa ruhusa. Refa anapolinda njia ya mkimbiaji, anaulinda na mchezo wenyewe.

Muhula uliopita nilipewa kipenga katika mechi ya mabweni. Bweni langu lilikuwa likiongoza. Mlinzi wetu wa besi ya tatu, rafiki yangu wa chanda na pete, alisimama njiani bila mpira, kama nilivyosimama mimi. Nilinyoosha mkono wa kushoto, ngumi nimeifunga, na mkono wenyewe ulikuwa unatetemeka. Mkimbiaji alipewa besi yake, na bweni langu likashindwa. Siku mbili hakuna aliyenisemesha bwenini. Siku ya tatu rafiki yangu alinijia na kikombe cha chai, akaniambia, "Haya, nionyeshe basi nisimame wapi."

Kutenda kosa si kosa, kosa ni kulirudia. Ninawaomba walimu wetu wa michezo waialike tena ile shule. Sheria ya kuziba njia isomwe kwa Kiswahili mbele ya timu zote mbili kabla ya mpira wa kwanza, na marefa wawe wawili. Yule binti akija, nitampelekea chai mwenyewe, nimpe jibu nililomnyima siku ile: "Abaayo, niliiziba njia yako. Hukuwa auti."

Nakomea hapa. Wasalaam.

Mlinzi wa besi ya pili,
Kidato cha Tatu.