Mshono wa mlango wa kizazi una wakati wake

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo katika nyumba nyingi za Kilwa na Lindi husemwa kwa kunong'ona. Mama anabeba mimba, inafika mwezi wa tano, inatoka bila uchungu mwingi. Akibeba nyingine, huwa yale yale. Mama mkwe ananuna, majirani wanataja majini, mume anashauriwa atafute mke mwingine.

Mara nyingine sababu ni mlango wa kizazi uliolegea. Mimba ikikua, hufunguka wenyewe kabla ya wakati. Daktari wa hospitali anaweza kuuzungushia uzi na kuukaza, kama tufungavyo mdomo wa mfuko. Shirodkar wa India alieleza njia yake mwaka 1955. McDonald wa Australia alieleza iliyo rahisi zaidi mwaka 1957.

Je, uzi huo unasaidia? Ndiyo, lakini wachache. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 1993 ulihusu wanawake 1,292 ambao madaktari wao hawakuwa na hakika kama wanauhitaji. Kabla ya wiki 33 walijifungua 13 katika kila 100 waliowekewa, na 17 katika kila 100 wasiowekewa. Kwa waliokwisha kupoteza mimba katikati au kuzaa njiti mara tatu au zaidi, walikuwa 15 dhidi ya 32.

Mimba zinazotoka miezi mitatu ya kwanza uzi hauzizuii. Nyingi huwa na kasoro tangu kutungwa. Wala hautibu malaria na kaswende, ambazo nazo huharibu mimba. Kwa hiyo hatusemi kila mama awekewe.

Tunachosisitiza ni kuwahi. Mwenye historia hiyo huwekewa uzi kati ya wiki ya 12 na 14. Wengine daktari huwafuatilia kwa kupima urefu wa mlango kwa ultrasaundi. Lakini wapo akina mama wanaoficha mimba kwa kuogopa kijicho, wakaanza kliniki mwezi wa tano. Hapo nafasi hiyo ya mapema imepita. Aliyewahi kupoteza mimba aende mara tu akosapo siku zake, aeleze yote: mimba ngapi, za miezi mingapi, zilitoka kwa uchungu au la. Baba naye amsindikize.

Uzi hutolewa wiki ya 36 au 37. Akiona damu, maji, homa au uchungu kabla ya hapo, aende hospitali upesi, kwani uchungu ukimkuta na uzi, mlango unaweza kuchanika. Anayeishi Kipatimu, Njinjo au Songosongo ahamie mapema kwa ndugu walio karibu na hospitali. Mwezi Mei 2024 mafuriko yalikata barabara Somanga, na uchungu haungoji daraja.

Mama aliyepoteza mimba hana kosa. Tuache kumsema, tumpeleke mapema.